Anaposema "Nimechoka": Jinsi Mgonjwa wa Sakoidosisi Anavyousikia Mwili Wake

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Najua wengi mlidhani leo tutaendelea na mambo ya mikopo na vitabu vya hesabu. Hayo tutayarudia siku nyingine. Leo naomba tuzungumze juu ya ugonjwa ambao wengi wenu hamjawahi kusikia jina lake. Unaitwa sakoidosisi. Hebu tulitaje pamoja polepole: sa-ko-i-do-si-si. Vizuri.

Mtaniuliza, "Mbona utuletee ugonjwa wa mbali, na hapa nyumbani tuna malaria, presha na sukari?" Swali hilo ni zuri. Katika katiba ya karibu kila kikundi kuna sheria kwamba asiyefika kazini atozwe faini. Sheria hiyo ina maana, maana bila hiyo kazi haiendi. Lakini sheria haina macho. Haiwezi kumtenganisha mvivu na mgonjwa ambaye hana kidonda, hana bandeji, wala hatembei kwa mkongojo. Sakoidosisi ni ugonjwa wa namna hiyo. Mara nyingi mtu anaonekana mzima, kumbe ndani nguvu zimekwisha. Tukijifunza kumsikiliza mgonjwa huyu mmoja, tutajua kuwasikiliza na wengine wengi.

Ni ugonjwa gani huu?

Mwili una walinzi wake. Ni chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, kazi yao ni kupigana na vijidudu. Fikirini kijiji kilichopiga kamsa usiku. Vijana wote wanatoka na rungu, wanakusanyika njiani. Asubuhi mwizi hayupo, lakini vijana hawarudi nyumbani. Wanakaa pale pale njiani, wengine wanaongezeka, mpaka njia inazibika na watu hawawezi kupita kwenda sokoni. Ndivyo ilivyo katika sakoidosisi. Walinzi wa mwili wanakusanyika na kufanya vinundu vidogo sana, na vinundu hivyo vinasumbua mahali vilipo. Mara nyingi huwa katika mapafu na katika tezi zilizo kifuani. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 wana vinundu mapafuni au katika tezi hizo. Lakini vinaweza kutokea pia machoni, kwenye ngozi, viungo, ini, moyo, na hata mishipa ya fahamu.

Kamsa ya kwanza ilipigwa na nini? Wataalamu bado hawajapata jibu kamili. Wanafikiri kuna kitu ambacho mtu alivuta au alikutana nacho, na mwili wake kwa maumbile yake ukakijibu kupita kiasi. Lakini mambo matatu yanajulikana, na naomba myashike. Kwanza, hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja na kulala naye chumba kimoja. Pili, si saratani. Tatu, haukuletwa na jirani wala na mtu mwenye jicho baya.

Si ugonjwa mpya pia. Daktari Jonathan Hutchinson wa London aliuandika mwaka wa 1877, na mwaka wa 1899 daktari Cæsar Boeck wa Norway akaeleza vinundu vyake vya ngozi kwa jina lililozaa hili tunalotumia leo. Na mtu asiseme ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli unapatikana sana katika nchi za Ulaya ya kaskazini. Lakini huko Marekani watu weusi wanaupata kuliko wazungu, na mara nyingi unawashika kwa nguvu zaidi.

Mgonjwa anasikia nini?

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Daktari anaangalia picha ya kifua, lakini mgonjwa haishi ndani ya picha. Anaishi jikoni, shambani na njiani. Tuone maisha yake kwa mpangilio.

1. Uchovu. Hili ndilo wagonjwa wengi wanalolalamikia kuliko yote, na ndilo watu wasioliamini. Sisi sote tunajua kuchoka. Umelima kutwa, unaoga, unakula, unalala, asubuhi uko sawa. Uchovu huu haufuati sheria hiyo. Mtu analala saa nane, anaamka amechoka kama aliyekuwa akibeba mawe usiku kucha. Anafua nguo tatu, anakaa chini. Wengine wanasema hata mawazo yanakuwa mazito: anaanza sentensi na kuisahau, anahesabu pesa mara mbili na hazilingani. Na uchovu huu unaweza kubaki hata baada ya picha ya kifua kuonyesha kwamba mapafu yamepata nafuu. Hapo ndipo mgonjwa anaambiwa "Lakini umepona!" naye hana la kujibu.

2. Kifua. Kuna kikohozi kikavu kisichokwisha. Kuna kuishiwa pumzi, hasa anapopanda mlima au kubeba mzigo. Wengine wanasikia kifua kimebana au kinauma. Kwa kuwa jambo hili linakuja polepole, mtu anajizoesha bila kujua. Anaanza kupitia njia ndefu isiyo na mlima. Anagawa debe moja la maji mara mbili. Anaacha kuimba, kwa sababu wimbo unahitaji pumzi. Ukimwuliza, atasema hana shida.

3. Homa, jasho na kukonda. Wengine wanapata homa isiyo kali, wanatokwa na jasho usiku mpaka shuka inalowa, hamu ya chakula inapungua na nguo zinawapwaya. Mnaona tunakokwenda? Kila mtu hapa anafikiria kifua kikuu. Tutalirudia jambo hilo sasa hivi.

4. Macho. Jicho linauma, linakuwa jekundu, mwanga wa jua unachoma, na vitu vinaonekana kama kuna ukungu. Mtu anadhani ni vumbi. Lakini sakoidosisi ya macho ikiachwa inaweza kuharibu uwezo wa kuona, na wakati mwingine inaanza bila maumivu yoyote. Ndiyo sababu kila aliyeambiwa ana ugonjwa huu apimwe macho hata kama haoni shida.

5. Ngozi na viungo. Wengine wanaanza ghafla: vinundu vya moto vinavyouma kwenye miundi ya miguu, vifundo vya miguu vinavimba, viatu haviingii, na homa juu yake. Ajabu ni kwamba hao wanaoanza kwa kishindo namna hiyo mara nyingi ndio wanaopona vizuri. Wengine wanapata mabaka au uvimbe puani, mashavuni au masikioni, au kovu la zamani linavimba upya. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo huwa ya rangi ya zambarau au meusi zaidi. Ugonjwa ukikaa usoni, mtu anaanza kujificha. Anajifunga leso mpaka puani, anaacha kuja mikutanoni. Hapo hajaacha kikundi. Ameona haya.

6. Kiu na mkojo. Vinundu hivi vinaweza kuongeza kalsiamu katika damu. Mtu anasikia kiu kila wakati, anakojoa sana, tumbo linafunga, na anaweza kupata mawe kwenye figo. Kwa hivyo mgonjwa wa sakoidosisi asinunue vidonge vya kalsiamu au vya vitamini D bila kumwuliza daktari, hata kama ameambiwa ni vya kutia nguvu.

7. Moyo na mishipa ya fahamu. Haya hayatokei kwa wengi, lakini ni ya hatari. Moyo unapiga ovyo, mtu anazimia. Au upande mmoja wa uso unalegea. Au nyayo na mikono vinawaka kama vimemwagiwa pilipili.

Jambo moja tena. Dalili hizi huja na kwenda. Jumatatu amelima mistari miwili, Alhamisi hawezi kutoka kitandani. Majirani wanasema, "Si tulimwona sokoni juzi? Leo ati anaumwa!" Ndugu zangu, kumwona mtu sokoni siku moja si cheti cha afya. Pengine siku hiyo moja ndiyo aliyokuwa akiingoja wiki nzima.

Na umbo la mtu lisitudanganye. Huko Marekani kulikuwa na mchezaji maarufu wa kandanda ya kwao, Reggie White, mtu wa miraba minne. Alikuwa na sakoidosisi, na alifariki mwezi wa Desemba 2004 akiwa na miaka 43. Mchekeshaji Bernie Mac naye alieleza watu waziwazi mwaka wa 2005 kwamba ana ugonjwa huu. Watu walikuwa wakimwona jukwaani akiwachekesha, na hakuna aliyeweza kuona mapafu yake.

Ndugu yake anayefanana naye: kifua kikuu

Hapa naomba msikilize kwa makini sana. Sakoidosisi na kifua kikuu hufanana kama mapacha. Kikohozi, jasho, homa, kukonda, tezi, hata picha ya kifua, vyote vinaweza kufanana. Lakini kwetu hapa Kenya kifua kikuu ni cha kawaida zaidi, tena kinaambukiza na kinaua. Kwa hivyo utaratibu ni huu:

- Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda kapimwe makohozi. Katika vituo vya serikali kipimo hicho na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.
- Ukikutwa na kifua kikuu, meza dawa mpaka mwisho kama ulivyoagizwa, kwa kawaida miezi sita. Asitoke mtu hapa leo akatupa dawa ati amesikia kuna ugonjwa mwingine unaofanana.
- Kama makohozi hayakuonyesha kitu, ukapewa dawa hata hivyo kwa sababu ya picha, ukazimeza sawasawa na huoni nafuu, rudi. Usikae nyumbani ukihesabu siku. Mwambie tabibu, "Nimemeza dawa zote na bado niko vile vile. Je, inaweza kuwa kitu kingine?" Swali hilo si utovu wa adabu. Ni haki yako.

Mara nyingi, ili kuwa na hakika, madaktari wa hospitali kubwa huchukua kipande kidogo sana cha nyama kutoka kwenye tezi, ngozi au mapafu, na kukiangalia kwa darubini. Mgonjwa aelezwe hivyo mapema, asiogope.

Mtaona kwa nini mgonjwa huyu anaumia mara mbili. Anaumwa, tena hana jina la kinachomwuma. Kwa mwaka mzima au zaidi anaweza kuzunguka akiambiwa ni pumu, ni baridi yabisi, ni mawazo mengi. Huko kijijini wanamnong'ona kwamba ni Ukimwi. Siku anapopewa jina la ugonjwa, hata kama ni gumu kulitamka, wengine hulia kwa furaha. Si kwamba wamepona. Ni kwamba sasa wanaaminiwa.

Mgonjwa amsaidie daktari

Daktari ana foleni ndefu. Ukiingia ukasema "Mwili wote unauma," atakuandikia dawa ya maumivu na kumwita mwingine. Basi nunueni daftari dogo. Kila wiki mgonjwa aandike, au mtoto wa shule amwandikie: dalili gani, ilianza lini, inakuja saa ngapi, na kazi gani ambayo sasa haiwezi. Hilo la mwisho ndilo muhimu. Badala ya kusema "Ninaishiwa pumzi," sema hivi: "Wakati wa Krismasi nilikuwa nikibeba mtungi wa lita 20 kutoka mtoni bila kupumzika. Sasa nabeba lita 10 na napumzika mara tatu." Daktari akisikia hivyo ataacha kuandika na kukutazama.

Kuna dalili zisizongoja daftari. Kuzimia, moyo kupiga ovyo, kuishiwa pumzi ukiwa umekaa tu, kukohoa damu, jicho kuona giza au kuuma sana, uso kulegea upande mmoja: hizo ni za kwenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Dawa nazo zina dalili zake

Wagonjwa wengi hawahitaji dawa. Daktari huwafuatilia tu kwa vipimo, na ugonjwa hupoa wenyewe, mara nyingi ndani ya miaka miwili au mitatu. Hilo ni la kushukuru. Lakini kwa wengine unakaa, na mapafu yanaweza kubaki na makovu ya daima.

Wanaohitaji dawa, wengi huanzishiwa predinisoloni. Ni dawa yenye nguvu na inasaidia, lakini ina gharama yake mwilini. Inaleta njaa kali. Uso unakuwa wa mviringo, mwili unanenepa, usingizi unapotea, hasira inakuja haraka. Inaweza kupandisha sukari na presha, na kudhoofisha mifupa. Majirani wanaona mashavu yamejaa, wanasema, "Amenona, mambo yake ni mazuri!" Kumbe ni dawa. Tena dawa hii isinunuliwe dukani kiholela, kwa sababu mtu mwenye kifua kikuu ambacho hakijatibiwa akiimeza peke yake, kifua kikuu kinaweza kuenea. Na aliyeizoea kwa muda mrefu asiiache ghafla. Kuiacha ghafla kunaweza kumwangusha. Ipunguzwe polepole na daktari.

Kikundi kifanye nini?

Najua mwenyekiti mmoja hapa ana swali moyoni: "Tukianza kusamehe faini, si kila mtu atakuwa mgonjwa siku ya kupalilia?" Ni swali la haki. Kikundi kisicho na sheria hufa. Basi napendekeza mambo manne.

Kwanza, wekeni katika katiba kifungu cha ugonjwa wa muda mrefu. Mwanachama alete barua au kadi ya kliniki, wanachama wawili wamtembelee, na kikundi kikubaliane kwa muda fulani, tuseme miezi mitatu, kisha mwangalie tena. Hivyo mdanganyifu hapati nafasi, na mgonjwa haombi msamaha kila wiki mbele ya watu. Kadi hiyo iwe siri ya viongozi.

Pili, badilisheni kazi badala ya kuifuta. Asiyeweza kuchimba mtaro anaweza kuandika mahudhurio, kumwagilia miche kwenye kitalu, kupokea maziwa, kukaa na watoto. Mgonjwa anayepewa kazi anayoiweza hubaki mwanachama. Anayeambiwa "Wewe kaa tu nyumbani" huanza kufa kabla ya wakati wake.

Tatu, saidieni safari. Vipimo hivi mara nyingi havipatikani zahanatini. Ni nauli, ni kulala mjini, ni malipo. Hakikisheni kila mwanachama amejiandikisha katika SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF, na mtu mmoja amsindikize mgonjwa. Anayesindikiza husikia maneno ya daktari ambayo mgonjwa kwa wasiwasi hakuyashika.

Nne, tazameni jikoni. Moshi wa kuni na wa sigara hausaidii mapafu yoyote yaliyo mgonjwa. Kikundi kinachojenga majiko ya kuni yenye bomba la moshi kianzie kwa nyumba yake.

Na lugha yetu pia. Tuache kuuliza kila Jumapili, "Bado hujapona?" Swali hilo linamfanya mtu aone kama ana deni. Ulizeni, "Leo umeamkaje?" Kisha nyamazeni kidogo, mpeni nafasi ya kujibu.

Ndugu zangu, pengine katika vikundi vyenu hakuna hata mmoja mwenye sakoidosisi. Lakini sidhani kuna kikundi hapa kisicho na mtu anayesema "nimechoka" na kuchekwa. Inaweza kuwa upungufu wa damu, moyo, sukari, huzuni, au ugonjwa huu wa jina refu. Ninyi si madaktari, wala mimi si daktari. Kuutaja ugonjwa ni kazi yao. Kumwamini mtu mpaka afike kwao, hiyo ni kazi yetu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mwaka uliopita, ni nani alitozwe faini au kuondolewa kikundini kwa kutofika kazini? Je, kuna aliyemtembelea kujua sababu?
2. Katiba yetu inasema nini juu ya mwanachama mgonjwa kwa zaidi ya mwezi mmoja? Kama haisemi kitu, tungependa iseme nini?
3. Ni kazi gani tano katika mradi wetu ambazo mtu asiye na nguvu anaweza kuzifanya?
4. Ni nani kati yetu amekohoa zaidi ya wiki mbili na hajapimwa? Nani atamsindikiza wiki hii?